Kuku wa Kumwingiza Mkwe

Mafunzo yale waliyaita stadi za maisha, na mimi nilipelekwa kwa sababu wenzangu wote walikuwa na kazi. Sisi ni shirika la wamama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale ufukweni. Watu wa mafunzo walisema kila shirika la Kalemie litoe mtu mmoja, na shirika ambalo mtu wake atakaa mpaka siku ya mwisho, bila kukosa zoezi hata moja, litapewa vichanja vya waya vya kuanikia. Sisi tunaanika mchangani. Mvua ikinyesha tunauza mchanga wenye harufu ya ndagala. Basi wakatafuta mtu mwenye umri wa kukaa kwenye kiti mchana kutwa bila kunung'unika, wakanichagua mimi. Nafikiri hawakunifahamu vizuri.

Mwalimu wetu alikuwa kijana anaitwa Wilfried. Alizaliwa Kinshasa, akafanya kazi Goma, na Kiswahili chake alikiokota njiani. Sina ubaya naye. Alikuwa na viatu safi, na aliamini kwamba mtu akishajijua, mambo mengine yatajipanga yenyewe. Siku ya kwanza alitaka kila mmoja ajitambulishe kwa jina lake pamoja na sifa inayoanza na herufi ya jina hilo. Mimi alinipendekezea "Florentine mwenye furaha." Nikamwambia mume wangu amekufa na magoti yananiuma, hiyo furaha aiweke pale mezani, nikiihitaji nitaifuata. Akaiandika kwenye kikaratasi akanibandika kifuani. Nikakaa nayo wiki nzima.

Nilipoinua macho kutoka kwenye kile kikaratasi ndipo nilipoiona shingo ya mkwe wangu.

Alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, ametumwa na mafundi wa mashine za mitumbwi. Shingo yake naijua. Mgongo wake pia naujua, na viatu vyake, na namna anavyokohoa akipita njia ya nyuma ya nyumba yangu. Uso wake nilikuwa siujui, na ndivyo inavyotakiwa. Mama mkwe na mkwe hawatazamani. Tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Hali hiyo inakwisha siku mama mkwe anapompikia mkwe kuku na kumwita ndani, wakala mezani pamoja, na hapo ndipo anakuwa mtoto wa nyumba. Ephraïm alikuwa amezaa na binti yangu watoto watatu, na bado alikuwa wa kwenye majani.

Kosa halikuwa langu. Kwetu Mpala, huku ziwani, mkwe ndiye anayeleta kuku. Anamfunga kwenye ua wa nyumba, anakohoa, anaondoka. Mama mkwe akimwona kuku anajua kijana ameomba kuingia, naye anawasha moto. Nilikuwa nimeutazama ule ua tangu Nadine alipojifungua mtoto wa kwanza. Nimeona mbuzi wa jirani wamefungwa pale, nimeona baiskeli, siku moja niliona mlevi. Kuku sikuona. Mwanaume asiyekuwa na kuku mmoja wa kumpa mama wa mke wake anajulikana ni mtu wa namna gani, na mimi nilikuwa nimeshasema ni wa namna gani, kwa sauti, kwa watu wengi.

Tulipanga mambo bila kuambiana. Yeye alibaki kiti cha mbele ili asigeuke, mimi nilihamia nyuma ya nguzo. Katikati yetu alikaa rafiki yangu Rachelle, wa shirika la wauza mihogo, mwanamke mpana ambaye Mungu alimuumba kwa kazi za namna hiyo. Wilfried aliandika kwenye daftari lake kwamba mimi na Ephraïm tuna haya mbele ya watu, na kwamba atatusaidia.

Sasa niseme jambo lililokuwa linaniuma kweli, maana vichanja havikuwa vinanikosesha usingizi. Nadine alikuwa amerudi kwangu. Alikuja na watoto na godoro, juu ya pikipiki mbili, na hakulia, jambo ambalo liliniogopesha kuliko kama angelia. Ephraïm alikuwa amekubali kazi Manono, kule kwenye mashine za machimbo, na hakumwambia mke wake. Nadine alisikia sokoni kwa mwanamke anayeuza nyanya. Alimngojea mumewe aseme. Mumewe alikula, akanawa, akalala. Basi akafunga godoro.

"Akinitaka atakuya kunikamata, anirudishe," aliniambia, akakaa kwenye kizingiti akitazama njia.

Ephraïm hakuja. Mtu wa kawaida angetuma mjomba wake, lakini watu wa Ephraïm wote wako Kiambi, mbali kule kwenye mto Luvua, na hapa mjini hana hata binamu. Mwenyewe hawezi kukanyaga uwanja wangu. Angeweza kuleta kuku. Nilimwambia Nadine hivyo kila asubuhi, nikidhani namfariji. Lori la Manono lilikuwa linaondoka Jumamosi. Kila siku iliyopita niliona mtoto wangu anazidi kuwa mtu wa kizingitini, na nilijua lori likiondoka hivi hivi ndoa ile imekwisha, na wajukuu wangu watakua wakimwita baba yao "yule wa Manono." Nilikuwa naogopa. Mimi nikiogopa nakuwa mkali, kwa hiyo wiki ile nilikuwa mkali sana.

Huo ukali ulinisaidia darasani. Somo la Jumatatu lilikuwa kujichorea maisha yako kama mto, nikachora Lukuga, kwa sababu ndio mto ninaoujua, na Wilfried akaniuliza yale mawe katikati yana maana gani. Nikamwambia ni mawe. Jumanne tulifundishwa kusema hapana. Wilfried alijifanya ndugu anayekuja kuomba simu yangu. Nikasema hapana. Akasema mtoto wake anaumwa. Nikasema hapana. Akapiga magoti, akaniita mama yake mdogo, akanikumbusha mambo ambayo marehemu baba yetu alituachia. Hapana. Aliinuka akapangusa suruali, akaomba watu wanipigie makofi. Alisema katika kazi yake hajaona mtu mwenye kipaji kama hicho. Ndilo somo pekee nililopatia sifa, na nilirudi nyumbani nimejisikia vizuri kidogo.

Alhamisi ndiyo siku ya vikaratasi.

Wilfried alikuwa ameandika majina yetu, akayakunja, akayatia kwenye kofia yake, akayatoa mawili mawili. Zoezi lilikuwa kusema ukweli bila kugombana. Wawili wanakaa uso kwa uso, magoti yanakaribiana, wanatazamana machoni. Mmoja anasema jambo lililomuumiza. Mwingine anarudia alichosikia, bila kujitetea, ndipo anajibu. Aliita Rachelle na kijana mmoja wa bandarini. Akaita wengine. Kisha akasoma jina langu, akafungua kikaratasi kingine, akasoma Ephraïm.

Sale nzima, chumba chote kile cha mafunzo, ilitazama chini. Watu wote mle ni wa huku kwetu, kila mmoja alijua. Wilfried peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu, akivuta viti viwili katikati. Nilifikiria kutoka. Nikafikiria vile vichanja, na wamama wanaokanyaga mchanga na mvua. Nikafunika kichwa na uso kwa kitenge changu, nikaenda nikakaa. Ephraïm alifika kinyumenyume, akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta. Tukawa mgongo kwa mgongo.

Wilfried alituomba tugeukiane. Hakuna aliyegeuka. Akasema ni kawaida kuogopa. Hapo Rachelle aliinuka, akamvuta pembeni kwa mkono wa shati, akamnong'oneza muda mrefu. Nilikuwa nachungulia kwenye upindo wa kitenge. Kijana yule akatazama viti vyetu, akatazama kofia yake. Angeweza kutupangia watu wengine. Lakini alimuuliza Rachelle jambo moja tu: hawa watu wakiwa na neno la lazima, wanaambianaje. Rachelle akamwambia wanaambia kitu. Mlango, mbuzi, kitu chochote kilichopo. Kitu kinasikia, na yule mwingine naye anasikia kwa bahati.

Wilfried alienda mezani akachukua termosi ya chai, ile kubwa nyekundu, akaiweka kwenye kiti cha tatu pembeni yetu. Kisha akarudi nyuma akakaa na mikono magotini. Kwa hilo nitamheshimu siku zote.

Nilianza mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

"Weye termosi," nikasema, "miye niko na mukwe. Alipata kazi Manono, muke wake akaisikia kwa mama wa nyanya. Mutoto wangu anakaa kwenye kizingiti. Anangoja. Huyu muntu hakuye, hatume muntu, hafunge hata kuku kwenye ua. Ile njo inaniumiza."

Nilimsikia Ephraïm anapumua. Alirudia maneno yangu yote kwa termosi, taratibu, kama tulivyofundishwa, na hakuruka hata neno la kuku. Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikisema zaidi ya kukohoa.

"Termosi, umuambie Mama," akasema. "Kila magharibi niko natoka kazini nafika mpaka pale kwa muuza chumvi. Nasimama. Namuona Nadine kwenye kizingiti. Siwezi kupita pale, sababu sijaitwa. Kwetu Kiambi, mama mukwe njo anaita. Anatuma chumvi ndani ya kitambaa. Ile chumvi ikifika, unakamata kuku, unaenda. Ukienda na kuku bila chumvi, ni kama unamutukana, unamuambia eko muchoyo, mpaka umukumbushe. Miye niliingojea chumvi tangu Laure alizaliwa. Haikuye. Nikajua Mama hanitaki."

Laure ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Siku hizi anasoma.

Mtu mmoja nyuma ya sale, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Manono, alisema polepole kwamba ni kweli, kwao ni chumvi. Mama mmoja wa ziwani akajibu kwamba kwetu ni kuku. Wakatazamana kama watu wanaosubiri boti moja kwenye bandari mbili.

Nilipaswa kurudia nilichosikia. Nikarudia. Nilipofika kwenye maneno "Mama hanitaki" sauti yangu ilifanya jambo ambalo sikuituma. Niliona haya. Tena nilikasirika, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Miaka yote ile nimeutazama ua, na yeye miaka yote ile ametazama mlango wake akingoja mtoto mwenye kitambaa. Marehemu mume wangu, Barthélemy, alikuwa anapiga naye soga bandarini karibu kila siku, wanazungumza mashine, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kuuliza. Wanaume wakipata mashine hawaulizi kitu kingine.

Ephraïm alikuwa hajamaliza.

"Sababu ya kumuficha Nadine kazi ya Manono, iko," akasema. "Lakini ile haiwezi kupita kwa termosi. Ile nitaisema na kinywa yangu, siku nitaingia. Kama nitaingia."

Wilfried alituambia asante. Hakuomba makofi. Akaichukua termosi akaanza kutugawia chai, na nadhani hakujua afanye nini tena, maana alimpa kila mtu vikombe viwili.

Nyumbani nilimkuta Nadine anatwanga sombe, majani ya mihogo. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, bado nina Furaha kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mchi. Kisha akauacha, akacheka, na kicheko kikageuka, akalia kwa mara ya kwanza tangu alete godoro.

"Alikuwa anasimama kwa muuza chumvi," akasema. "Mama, kwa muuza chumvi."

Nikamwambia nimesikia.

"Basi utume ile chumvi."

Nikafunga chumvi kwenye kitambaa changu cha kanisani, nikampa Laure, nikamwambia ampelekee baba yake mkononi na asiilambe njiani. Kisha nikawaza. Kwao chumvi imeshatangulia, sawa. Lakini kwetu moto hauwashwi bila kuku, na kama akichelewa, au akiogopa, au akifikiri mtoto amepotea njia, nitakaa na sufuria tupu mbele ya binti yangu. Nikakamata kuku wangu mwenyewe, jogoo mweusi aliyekuwa ananiamsha kabla ya wakati, nikamchinja. Sikuwa nampenda sana.

Jua lilikuwa halijazama nikasikia kikohozi. Ephraïm alikuwa nje ya ua na kuku mweupe chini ya kwapa, amevaa shati la Jumapili. Alimfunga kuku pale pale ambapo nilikuwa nimepatazama miaka yote, akageuka kuondoka, kama inavyotakiwa kwetu. Mtu alikuwa amemfundisha. Nikamwambia Nadine amwambie asiende mbali. Tukampika na yule wa pili. Nyumba yangu haikuwa na mambo ya kuku wawili siku ya kazi tangu mazishi ya Barthélemy.

Moto ulipotulia nilisimama mlangoni nikamwita. Sikumwambia mlango wala sufuria. Nilisema, "Ephraïm, mwanangu, ingia." Akavua viatu akaingia. Nikatoa kitenge kichwani, nikamtazama.

Sijui nilikuwa nimetegemea kuona nini. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye masikio makubwa kidogo na mvi chache kwenye ndevu. Alikuwa amezeeka kidogo wakati mimi nikitazama shingo yake. Akataka kunisalimu, na kabla ya kufungua kinywa akakunja pua, hivi, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Laure hufanya vile vile. Nimemgombeza Laure kwa pua ile tangu ameanza kusema, nikimwambia asijifanye, nani alimfundisha. Nikatazama mtoto, nikatazama baba. Nikamwonyesha mahali pa kukaa.

Tukala. Nadine alikaa karibu na mumewe lakini hakumtazama, alikuwa bado anangoja. Bukari, ugali wetu, ilipofika katikati Ephraïm alinawa mikono, akaweka magoti vizuri, akaniangalia machoni. Mafunzo yale yamemwingia, nikafikiri.

"Mama," akasema, "sikumuambia Nadine mambo ya Manono sababu sitaki kwenda peke yangu. Nataka twende wote, na batoto. Lakini kumutoa muntu ndani ya nyumba yenye hujaingia ni wizi, na njia ya kukuomba sikuwa nayo. Sasa nimeingia. Nakuomba Nadine. Akikubali."

Nadine alimtazama mumewe sasa. Nilimwona uso. Hakuhitaji kusema kama anakubali.

Kwa hiyo ndilo lilikuwa neno lenyewe. Nilikuwa nimewasha moto ili binti yangu asibaki kizingitini kwangu, na sasa nikaelewa kwamba hatabaki hata chumbani, wala sokoni, wala kanisani kwenye benchi letu. Manono si karibu. Barabara ile mvua ikiwa nyingi lori linalala njiani siku kadhaa. Laure angesahau namna tunavyosema hapa ziwani. Hapana ilikuja kinywani mwangu yenyewe, iko tayari, imesimama. Mimi ndiye niliyepigiwa makofi kwa neno hilo.

Nilirudia kwanza nilichosikia, ili kupata muda. "Nimesikia unataka kwenda na mutoto wangu na bajukuu wangu Manono." Akasema ndiyo, Mama. Basi zamu ikawa yangu. Nikatafuta kitu cha kuambia. Termosi yangu ilikuwa jikoni. Sufuria zilikuwa jikoni. Mezani kulikuwa na watu tu, na wote walikuwa wananitazama.

"Muende," nikasema. "Na muwe munarudi. Kama hamutarudi nitatuma chumvi mpaka Manono."

Nadine alishika mkono wangu, akaukaza. Sikuutoa. Nilikuwa na huzuni, nasema wazi, huzuni ya kutosha meza nzima, na bado nisingebadilisha neno lile.

Ijumaa Wilfried alinipa breve, cheti cha kumaliza mafunzo, yenye muhuri. Alinionyesha jina langu, akasema amefuta Furaha kwa kuwa niliilalamikia. Nikamwambia angeiacha. Vichanja vimefika, ni vizuri, miguu yake ni mifupi kidogo.

Lakini nilikuwa bado nasimulia chakula cha usiku ule wa Alhamisi. Kuku mmoja ana firigisi moja, na firigisi ni ya baba wa nyumba. Tangu Barthélemy afe, kwangu firigisi wanakula watoto. Usiku ule zilikuwa mbili kwenye bakuli. Moja nilimwekea Ephraïm kwenye sahani kwa mkono wangu mwenyewe, akakunja pua, akashukuru. Ya pili kila mtu aliitazama na hakuna aliyeigusa. Nikaichukua nikaila mimi, polepole, sababu baba hayupo tena na katika nyumba ile nimebaki mimi wa kusema ndiyo na hapana. Ilikuwa ya yule jogoo mweusi. Ilikuwa ngumu, nikaimaliza.